Kabla kijana hajaenda dago, mshonee pa kulala

Tanga. Kaskazi iliyopita kijana mmoja wa Tongoni alirudi kutoka dago akiwa mzima kabisa. Alikuwa amekaa wiki mbili na mjomba wake upande wa Kipumbwi, kusini mwa Pangani. Akaleta changu wa kitoweo, fedha kidogo na ngozi iliyobabuka kwa jua, kisha akalala mchana kutwa kama wanavyolala wavuvi wote wakitoka kambini.

Siku ya 11 baada ya kurudi, akaanza kutetemeka.

Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alidhani ni uchovu wa bahari. Akampa dawa ya maumivu na uji wenye ndimu nyingi. Homa ikashuka usiku, ikapanda asubuhi. Siku ya tatu kijana akawa anamwita mama yake kwa jina la bibi aliyekwisha fariki. Hapo ndipo bodaboda iliitwa.

Zahanati walimpima kwa kipimo cha haraka, wakakuta malaria, na siku hiyohiyo akapelekwa hospitali. Alipona. Lakini swali la muuguzi lilibaki kichwani mwa yule mama kwa mwaka mzima: "Mwezi uliopita alilala wapi?"

Nyumbani kwake kila kitanda kina chandarua. Kijana hakuumwa na mbu wa nyumbani. Aliumwa na mbu wa kule alikolala chini ya tanga lililotandazwa juu ya pondo mbili, pande zote wazi.

Kwa msomaji wa bara, dago ni kambi ya muda ya wavuvi. Wanahama na samaki na upepo, wanafika pwani ya watu au kisiwani, wanajenga kibanda cha kulala siku kadhaa au miezi, kisha wanarudi kwao. Wapemba wanakwenda dago, Watanga wanakwenda, na ukivuka mpaka kuingia Kenya utalikuta neno hilohilo. Vijana wengi wa pwani hujifunza bahari huko, na wazazi wengi hawajui hasa mtoto analala vipi akishafika.

Kaskazi hii kijana, sasa ana miaka 19 na anasubiri matokeo ya kidato cha nne, aliomba kwenda tena. Mama hakuwa na sababu ya kumkatalia. Hakuna kazi nyingine inayomsubiri mtaani, na mjomba ni mtu mwangalifu. Akamwambia atakwenda, lakini atakwenda na pa kulala palipotoka kwenye cherehani ya nyumbani.

"Mama, watanicheka," alisema kijana.

"Wacheke. Mbu wenyewe hawacheki."

Kwa nini chandarua hubaki nyumbani

Ukiwauliza wavuvi watakwambia mambo mawili. La kwanza ni aibu, maana chandarua kambini huonekana ni kitu cha wanawake na watoto. La pili lina ukweli ndani yake: hakuna pa kukifunga. Chandarua cha mstatili kinataka kona nne na dari. Chini ya tanga hakuna dari. Ukikifunga kienyeji kinalegea, kinamlalia mtu usoni na miguuni, na mbu hupenyeza mrija wake kwenye tundu la chandarua bila shida yoyote ikiwa ngozi imegusana nacho.

Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, hasa watu wakiwa wamelala. Mvuvi ana ratiba ya ajabu: analala saa chache jioni, anaamka kufuata maji, anarudi alfajiri na kulala tena. Anapojinyoosha mchangani bila kinga, hizo ndizo saa za mbu. Pwani ya Tanga pia inajua matende na mabusha, magonjwa yanayoletwa na vijidudu vinavyosambazwa na mbu haohao wa usiku. Homa siyo hofu pekee.

Mahali ambapo akina mama hufuata dagaa wakiwa na watoto mgongoni, jambo hili ni zito zaidi. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito ndio malaria huwaangusha upesi.

Kwa hiyo mama wa Tongoni alianza na chandarua, kisha akatafuta paa la kukilinda. Wengi hufanya kinyume. Wananunua turubai kubwa, wanaridhika kwamba mvua haiingii, basi.

Kitambaa na kipimo

Zamani pwani hii haikuwa na tatizo la kitambaa. Mtepe, chombo kilichoshonwa mbao zake kwa kamba, ulikuwa na tanga la mkeka. Ukili uleule uliofumwa tanga ndio uliofumwa jamvi la kulalia na kikapu cha samaki. Leo tanga la ngalawa ni la kitambaa au la viroba vilivyoungwa, na wavuvi wengi bado hulala chini yake. Tatizo ni kwamba tanga likihitajika baharini saa tisa ya usiku, aliyebaki kambini anabaki bila paa.

Mama alipima njia tatu.

Viroba vya sukari vya kilo 50 ni vya bure au karibu na bure. Ukivichana na kuviunga, kama tisa hivi vinatoa paa la mita tatu kwa tatu. Ni vyepesi, lakini maji hupenya kwenye mfumo wa nyuzi zake, na jua la pwani huvila haraka. Baada ya miezi michache vinapukutika unga mikononi. Yeye alivitumia kwingine, kama itakavyoonekana.

Turubai la plastiki lililofumwa, lile la bluu, halivuji na linapatikana kila duka la vifaa. Lina kelele kwenye upepo, na likikunjwa mara nyingi linapasuka kwenye mikunjo. Kwa familia isiyo na cherehani hili ndilo chaguo la kweli, na halina ubaya.

Alichochagua yeye ni kitambaa chepesi kisichopitisha maji, cha aina ya mwamvuli, ambacho baadhi ya mafundi hukiita parashuti. Kwa upana wa mita moja na nusu alihitaji mita sita: vipande viwili vya mita tatu, vikiungwa katikati. Kwa kipimo cha wazee ni pima tatu na mkono mmoja na kidogo.

Kwa nini mita tatu kwa tatu? Chandarua cha kawaida kina urefu wa kama mita 1.8. Paa la mita tatu linaacha zaidi ya nusu mita kila upande, ili mvua ya upepo isifike kwenye mkeka. Upana wa mita tatu ukilazwa juu ya kamba unatoa mabawa mawili ya mita moja na nusu. Kamba ikiwa juu mita moja na sentimita kumi, chini unapata nafasi ya mita mbili. Watu wawili wanalala bila kubanana, kamba iko chini ya upepo mkali, na mtu anakaa kitako bila kugonga kichwa.

Hapa fundi wengi hukosea kwa kutaka hema refu la kusimama ndani. Kambini hakuna anayehitaji kusimama ndani.

Mshono unaovuja

Kitambaa kisichopitisha maji huvuja mahali pamoja, kwenye matundu ya sindano. Mshono wa kati ndio unaobeba paa zima, kwa hiyo mama aliukunja mara mbili na kuupitisha cherehani mara mbili, kama ule wa pembeni mwa suruali ya jinzi. Alirefusha hatua za mshono. Mishono midogo iliyosongamana hutoboa kitambaa mstari mzima, na upepo ukivuta kinachanika hapo kama stempu. Hakutumia pini, kwa sababu kila pini ni tundu. Alibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Kisha akasugua mshumaa juu ya mshono wote, ndani na nje, na kuupitishia kijiko kilichopashwa moto kidogo ili nta iingie kwenye matundu. Kijiko kikipata moto mwingi kitambaa kinayeyuka. Alijua hilo baada ya kutoboa kona moja, ambayo sasa ina kiraka cha moyo kwa kuwa ndicho kipande kilichokuwa karibu.

Pembe hakuziwekea pete za chuma. Kutu ya bahari huzila, na pete mbaya huchomoka na kipande cha kitambaa. Alichukua kokoto laini ya ufukweni, akaifunika kwa pembe ya kitambaa kwa ndani, akafunga kamba shingoni mwa ile kokoto. Fundo la namna hiyo halichani kitu, na likipotea mchangani kokoto nyingine ipo.

Kati ya kamba na pembe aliweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Upepo wa kaskazi haupigi kwa utulivu, unavuta na kuachia. Mpira unameza ule mvuto badala ya mshono.

Na viroba? Mchanga haushiki mambo ya chuma wala ya mti. Ukipigilia leo, usiku yameshang'oka. Alikata viroba, akashona vifuko sita vidogo kama vya kilo mbili za mchele. Kambini vinajazwa mchanga, vinafungwa kamba, vinafukiwa kwa kina cha mkono mmoja. Wakati wa kuhama vinamwagwa na kubebwa vitupu. Nguzo zenyewe hazibebwi kabisa, kwa kuwa pondo na kafi zimo chomboni tayari. Kukata mikoko kwa ajili ya nguzo ni kosa bila kibali, na mjomba alishaona watu wakitozwa.

Chandarua ndani ya paa

Kazi hii ndiyo iliyomchukua muda mfupi zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Hakukikata chandarua wala kukipunguza. Alishona utepe wa kanga kuukuu katikati ya dari yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuweka vitanzi vinne. Vitanzi vinafungwa kwenye kamba ileile inayobeba paa. Dari ya mstatili inakunjika na kuwa na mgongo kama paa lenyewe, na kwa kuwa chandarua kilikuwa kirefu kuliko kibanda, kitambaa kingi kinabaki chini. Hicho kinachozidi ndicho kinachochomekwa chini ya mkeka pande zote.

Pande za chini alishona nyuzi mbili kila upande za kuvutia nje, chandarua kisimguse aliyelala.

Alikitundika kivulini siku nzima kabla ya kukishona, na alinawa mikono baada ya kazi, kwa sababu kilikuwa kipya na kina dawa. Jua kali huua ile dawa. Kambini, kunapokucha, chandarua kinakunjwa juu chini ya kivuli cha paa, na kikifuliwa kinaanikwa kivulini kwa sabuni isiyo kali. Wasiotaka kusikia na wasikie: chandarua cha dawa siyo cha kuvulia dagaa.

Chini alitandika nailoni, juu yake mkeka. Nailoni hiyo ni fupi kuliko paa kila upande. Ikichomoza nje, maji ya paa hudondokea juu yake na kutiririka hadi mgongoni mwa mtu. Mama aliligundua hili uani, kwa ndoo.

Naam, uani. Kibanda kilisimamishwa nyuma ya jiko siku mbili kabla ya safari. Kijana na mdogo wake wakalala ndani, na saa nne ya usiku mama akawamwagia ndoo tatu za maji juu ya paa bila kuwaambia. Mshono ulihimili. Nailoni ndiyo iliyowalowesha. Mdogo alicheka mpaka majirani wakaja.

Asubuhi kitu kizima, bila mkeka, kilipimwa kwenye mizani ya duka: kilo mbili na robo. Ni chini ya dumu la maji la lita tatu. Mjomba, aliyekuwa amekuja kwa shughuli nyingine, alikinyanyua kwa kidole akasema sisi tumelala chini ya tanga miaka yote.

"Shikamoo kaka," alijibu dada yake. "Na miaka yote mmeugua."

Mjomba hakubishana. Aliuliza kama kitambaa kimebaki.

Jiko lisiingie ndani

Jambo moja mama alilirudia mara nyingi kuliko yote, na kila mzazi anayemshonea mtoto hema, awe wa dago, wa skauti au wa mkesha wa shule, alirudie pia. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kibanda.

Mvua ya usiku ikipiga, kishawishi ni kikubwa. Jiko limewaka, chai haijaiva, nje ni baridi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, analegea, anasinzia. Aliyelala hapati hata hayo maonyo. Mkaa uliokwisha kupoa kwa macho, wenye majivu juu, bado unatoa gesi hiyo. Wanaokufa hivi hukutwa asubuhi wamelala kama kawaida, na watu husema wamerogwa.

Kibatari nacho kibaki nje. Kitambaa cha paa na cha chandarua huyeyuka kikishika moto, na kilichoyeyuka hugandia mwilini. Taa ndogo ya sola inatosha. Ncha mbili za kibanda ziachwe wazi kwa hewa, maana chandarua ndicho mlango. Ukizifunga, unaamka umelowa jasho la plastiki hata kama hakukunyesha.

Mahali pa kusimamisha

Hema zuri mahali pabaya ni hasara. Mjomba ndiye mwalimu hapa, kuliko cherehani. Kibanda kinakaa juu ya mstari wa mwani uliokauka, tena kwa kuangalia maji ya bamvua, siyo ya maji mafu. Kisiwa cha Maziwe, mbali kidogo na Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa walitaga hapo. Leo ni fungu la mchanga lisilo na mti, na bamvua kubwa hulifunika. Hakuna wa kulala pale.

Visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kambi huko ni suala la kuuliza ruhusa kwanza. Kwenye pwani ya kijiji cha watu, mjomba huanza kwa uongozi wa kijiji na kikundi cha BMU, na huuliza mambo mawili ambayo vijana hawaulizi: maji ya kunywa yanatoka wapi, na choo kiko wapi. Kambi isiyo na choo ni kambi ya kuhara, na huko maji ya kunywa yachemshwe hata kama yametoka mvuani.

Siku baada ya kurudi

Waliondoka na kaskazi tulivu, kijana, mjomba na wengine wawili. Siku ya nne ikaja simu kutoka Kipumbwi. Kijana hakuzungumza habari ya kibanda mpaka alipoulizwa. Akasema usiku wa kwanza walimcheka. Usiku wa pili mmoja wa wale wawili aliomba kulala upande wa nailoni, na tangu hapo kuna ugomvi wa nani analala katikati.

"Wawili tu," mama alisema. "Wa tatu atagusa chandarua."

Amerudi. Kibanda kimefuliwa kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, na kina mchaniko mmoja wa urefu wa kidole karibu na pembe ya mashariki, siyo kwenye mshono bali pale paliposuguana na kafi. Pametiwa kiraka cha turubai.

Mama ameandika tarehe ya kurudi kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Dalili za malaria huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 15 tangu mtu aumwe na mbu, na wakati mwingine zaidi. Homa yoyote ndani ya mwezi huo, hata ndogo, ni ya kupimwa siku hiyohiyo, na kwenye zahanati aliyepokea mgonjwa aambiwe alilala wapi. Dawa ya maumivu itashusha joto na kuficha ugonjwa. Dawa ya mseto inatolewa baada ya kipimo, na inamezwa mpaka mwisho hata kama mgonjwa ameshaanza kuomba pilau.

Kila asubuhi anaweka mstari mmoja chini ya ile tarehe na kumwekea mwanawe mkono kwenye paji la uso, naye kijana anakwepa kama mtoto mdogo. Hadi gazeti hili linakwenda mtamboni, mistari ilikuwa tisa.